Nani Atachimba Kaburi la Mke wa Jongoo?

Paukwa!

Pakawa!

Enyi wenye uti wa mgongo, kaeni wima. Hadithi hii ni ya wasio nao.

Hapo zamani za kale, Jongoo alifiwa na mkewe. Akajikunja, kama jongoo wote wanavyojikunja. Safari hii alichelewa kujikunjua.

Wingu likatanda. Gudu, gudu! Mvua yaja, na marehemu bado yuko nje. Desturi yao ilikuwa hii: ndugu hachimbi kaburi. Huchimba mtani, mtu wa ukoo mwingine, na huchimba akitania. Kisha mtani hupakuliwa kwanza, ndugu hula mwisho.

Jongoo akamwendea Siafu. "Mtani wangu, nichimbie."

"Mtani? Mimi?" Siafu akashika kiuno, na kiuno anacho. "Miguu yako ina viungo, yangu ina viungo. Ngozi yako ngumu, yangu ngumu. Sisi ndugu, kaka! Pole sana."

Akamwendea Kaa wa mtoni. Kaa akaficha magando nyuma. "Viungo ninavyo. Gamba ninalo. Ndugu yako kabisa! Pole sana."

Akamwendea Konokono. Huyu viungo hana, hutambaa kwa tumbo. Akafikiri. Akafikiri tena. "Una uti wa mgongo?"

"Sina."

"Hata mimi sina. Ndugu!" Akaingia ndani ya nyumba yake.

Tone la kwanza likaanguka. Ti!

Udongo ukatikisika. Fuku, fuku. Akachomoza Nyungunyungu, bibi kizee, hana macho, hana mguu hata mmoja.

"Nasikia kuna msiba. Wewe miguu tele, mimi sina. Sisi watani." Akazama, akachimba. Fuku, fuku, fuku! Akapaza sauti: "Ewe marehemu! Miguu yote ile, na kifo umeshindwa kukikimbia?"

Jongoo akacheka. Akacheka huku analia. Mkewe angecheka pia.

Wakazika. Mvua ikamwagika, ikapita. Chungu kikaepuliwa: majani yaliyooza, yameiva, yananukia. Mara hao! Siafu mbele.

"Mtani! Mimi miguu sita, mwili vipande vitatu: kichwa, kifua, tumbo. Wewe hata kifua chako hakijulikani kilipo!"

"Mimi miguu kumi, magando yakiwemo!" akasema Kaa.

"Mimi mwili teketeke," akahema Konokono, aliyefika nyuma yao. "Watani!"

Jongoo akasema taratibu, "Mmejieleza vizuri. Hata kabla ya mvua mlijieleza vizuri. Kaeni, ndugu zangu. Ndugu hula mwisho."

Nyungunyungu akala. Akala polepole, maana hana meno. Akala mpaka chungu kikang'aa. Kisha akawageukia wale watatu.

"Poleni sana, wafiwa."

Basi, wakubwa kwa wadogo: utani hautajwi penye chungu, huonekana penye kaburi. Hadithi yangu imeishia hapo, na chungu ni kitupu.