Tonge Lililokosea Njia

Paukwa! Mbona kimya, midomo imejaa mihogo? Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Enhe. Hapo zamani za kale, na mimi nilikuwepo, msibishe, Fisi alialikwa ugali kwa jirani yake, Bi Mbuzi. Sinia lenyewe, kulizunguka unapanda punda.

Sasa kooni mwa Fisi kuna njia mbili. Ya mbele ni ya pumzi, ya nyuma ni ya chakula. Penye njia panda anakaa mlinzi, Kidakatonge. Tonge likija, analala juu ya mlango wa pumzi kama mfuniko wa sufuria. Tonge linapita, linadakwa na Umio. Huyo kazi yake kukamua: anabana juu, anaachia chini, mpaka tumboni. Mimi nimeshakunywa debe la uji kichwa chini miguu juu, Umio akaupandisha wote. Muulizeni mama.

Bi Mbuzi akasema, "Jirani, hapa kwangu mtu hasemi na tonge mdomoni."

"Hayo ya wenye midomo midogo," Fisi akajibu. "Ngoja nikupe kisa. Siku moja nilikutana na beberu mwenye kengele shingoni."

Kidakatonge akanong'ona, "Bwana, meza kwanza." Fisi akatia tonge la pili.

"Akanisalimia vizuri, masikini."

"Bwana, meza kwanza." Fisi akatia la tatu, kubwa kama kichwa cha ndama.

"Nikamla, kengele ikalia tumboni siku nzima."

"Bwana, meza kwanza."

Fisi akaangua kicheko. Kicheko ni pumzi, na pumzi inataka mlango wazi. Kidakatonge akainuka, tonge likateleza, likaingia njia ya mbele. Kicheko kikakatika. Fisi akatoa macho, kimya, hata kukohoa hawezi.

Bi Mbuzi naye ameshasimama. Kengele ile aliifunga yeye mwenyewe. Mumewe huyo, aliyemsubiri misimu yote.

Akarudi nyuma, akainamisha pembe, akaja mbio kumuua. Akamtwanga katikati ya mgongo, puu. Tonge likaruka, likatoboa paa la nyumba kijiji cha saba.

Na Fisi akavuta pumzi.

Bi Mbuzi akabaki ameduwaa. Alikuja kuua, ameponya. Fisi akatoka mbio, hajarudi mpaka leo. Ndiyo maana mnamsikia akicheka akiwa na njaa tu. Akipata nyama, kimya kabisa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kooni kwa Fisi. Wewe wa pembeni unayecheka, hebu fungua mdomo tuone.