Kifaru Aliyepimwa kwa Nyayo za Sisimizi

Jamani, hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Imekuja na nini?
— Na uongo wake mtamu!

Basi, kiangazi kilikaza. Kisima kilibaki kimoja, maji kidogo. Kifaru akatangaza: "Anayekaa karibu na kisima anakunywa kwanza, mpaka atosheke!" Na Kifaru akitosheka, kinachobaki ni tope. Nguchiro ana watoto, ndimi zimewakauka.

Kwenda kisimani moja kwa moja hakupitiki, miiba mitupu. Kwa hiyo, kutoka kwako mpaka kisimani, unapima upande wa mashariki, unapima wa kaskazini, unaiuliza mashine ya kuhesabu walioiangusha wapima ardhi. Kila upande unauzidisha kwa wenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Ndio umbali huo.

Kifaru alikaa karibu kweli. Kwa hatua za kawaida angeshinda.

"Shikamoo, Mzee Kifaru," akasema Nguchiro. "Mkubwa kama wewe apimwe kwa hatua, kama kuku?"

"Sasa nipimwe kwa nini?"

"Kwa nyayo za sisimizi. Namba itakuwa nene kama wewe."

"Naam! Na wewe upimwe hivyohivyo, kinyangalika!"

Wakapimwa. Kifaru akaingiza namba zake nene. Mashine ikazidisha ya kwanza, kwa! kwa! kwa! Ikazidisha ya pili, kwa! kwa! kwa! Tumbo la mashine likajaa, namba ikakosa pa kukaa. Krrrr... pu! Ikasema: "HAINA MWISHO."

"Mmesikia? Namba yangu haina mwisho!" Kifaru akacheka, ho! ho! ho!

Zamu ya Nguchiro. Kuzidisha kwanza? Ng'o! Aligawanya pande zote mbili kwa ule mrefu. Mrefu ukawa moja, mfupi ukawa nusu. Akazidisha hivyo vidogo, ti! ti! ti! Akajumlisha, akatafuta kipeuo, ndipo akalizidisha jibu kwa upande mrefu. Mashine ikatoa namba yenye mwisho, bila hata kukohoa.

"Basi wa karibu ni mimi," akasema Nguchiro.

"Wewe! Mimi ndiye Kifaru!"

"Kifaru anakaa mbali kusiko na mwisho. Hawezi kuwa amefika hapa. Wewe ni nani, baba?"

Wanyama wakatazamana. "Mwizi wa maji!" Wakamtimua, tifu! tifu! tifu! Watoto wa Nguchiro wakanywa, glu! glu! glu! mpaka vitambi vikawatoka.

Funzo letu, watoto wazuri: tajeni namba kubwa kila mara, mtaheshimiwa. Na mashine ikisema neno, msibishe.

Hadithi nimeitua hapa chini. Atakayeikanyaga, shauri yake.