Kwa Nini Watoto Huulizana "Lakini?"

Zamani sana, maneno yalipokuwa bado hayajajua kushikana mikono, watu wa Mwangeni walisema jambo moja, wakanyamaza. Mtu akisema "Mvua imenyesha," alikaa kimya mpaka ajibiwe. Kama alikuwa na jambo la pili, alingoja zamu yake irudi. Wazee waliamini kwamba anayefunga mambo mawili pamoja ni mlaghai, anayeficha boga bovu chini ya boga zima. Hata malazi yao yalikuwa hivyo hivyo. Walisuka ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa kiganja, kisha wakazipanga kili sakafuni mmoja kando ya mwingine bila kuzishona. Asubuhi waliamka kili zimetawanyika, wao wamelala mavumbini, wala hakuna aliyeona ajabu.

Katika kijiji hicho aliishi msusi mmoja mjane, jina lake Nyamvula, na binti yake wa pekee, Kadzo. Nyamvula alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mzito. Siku moja alimwachia Kadzo chungu cha rangi kilichojaa ukindu, kikichemka motoni, akaenda shambani. Mtoto ni mtoto. Mchezo ulimnogea, maji yakakauka, na ukindu wa msimu mzima ukaungua. Mama aliporudi, alikitua chungu chini, akasema, "Umeniharibia kazi."

Moyoni alikuwa na jambo la pili, kwamba ukindu huota tena na mtoto haoti. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alingoja Kadzo ajibu, hata kwa kukohoa tu, ili apate kulisema. Kadzo hakujibu. Alichukua kibuyu chake cha maji, akavuka mto, akaenda kukaa kwa shangazi yake.

Nyamvula alibaki na nyumba yake. Jioni alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, na asubuhi alikula kiporo peke yake. Majirani walipita, kila mmoja akasema jambo lake moja, wakaenda zao. Alikuwa mpweke, na aliona haya kwa upweke ule, maana aliuleta kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwishowe alimwita Ndoro, mjumbe wa kijiji. Mjumbe siku zile alibeba jambo moja kwa safari moja, na jambo la zamani ndilo lililotangulia. Msicheke, ndiyo desturi waliyoikuta. Nyamvula alikuwa na mambo mawili, na la zamani lilikuwa hasira. Basi Ndoro akavuka mto, akamwambia Kadzo, "Mama yako alikasirika," akarudi. Mwezi ulipita kabla hajavuka tena, na safari hiyo akasema, "Mama yako anakuita."

Kadzo aliyachukua maneno hayo mawili akayaunganisha mwenyewe, na aliyeyaunganisha alikuwa ni woga. Akawaza, mama alikasirika, ananiita, basi nikienda nitapigwa. Akamwambia Ndoro, "Siji."

Nyamvula alipoletewa neno hilo moja, hakugusa ukindu siku tatu. Siku ya nne alitandika kili mbili apate kulala, mmoja mweusi uliosukwa kwa mabaki ya ule ukindu ulioungua, mmoja mweupe. Zikateleza, kila mmoja upande wake. Alizirudisha, zikateleza tena. Hapo akachoka kabisa. Alitwaa sindano ya mfupa na uzi wa ukindu, akazishona ukingo kwa ukingo huku akilia.

Alipomaliza alimwita Ndoro, akampa pande hilo lililoshonwa ampelekee Kadzo. Ndoro akaligeuza lile pande, akatikisa kichwa. "Mama Kadzo, hapa pana mawili."

"Chukua moja basi."

Ndoro akavuta huku, akavuta kule, mshono ukakataa. Akauliza aseme nini. Nyamvula akaweka kidole kwenye ukili mweusi, akakipitisha juu ya mshono, akasema bila kunyamaza katikati, "Mwambie nilikasirika, lakini nampenda. Usipumzike katikati ya neno hilo, Ndoro. Ukipumzika, umenizika."

Neno lile "lakini" alilitoa wapi, hakuna ajuaye. Huenda ndilo lililomkaa kooni tangu siku ya chungu.

Kadzo alimtaka Ndoro alirudie mara tatu, huku akipapasa mshono. Kisha akamrudisha na jibu lililomuumiza kichwa njia nzima: "Nitakuja, lakini mto umefurika, na mimi bado naogopa." Masika yote Nyamvula alikula peke yake kama kawaida. Hata hivyo kila jioni alilirudia jibu hilo kwa sauti ndogo, akipenda hata sehemu yake ya woga.

Maji yalipopungua, Kadzo alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Akasema, "Niliunguza ukindu," akanyamaza, kama walivyolelewa wote.

Sasa zamu ilikuwa ya mama. Nyamvula hakuichukua. Akauliza kwa upole, "Lakini?"

Mtoto akajibu, "Lakini hukunifuata."

Nyamvula aliona ni kweli. Alikuwa ametuma mjumbe, akatuma tena, wala miguu yake mwenyewe haikuukanyaga mto. Akasema, "Sikukufuata, na nimejuta." Kadzo akaingia ndani.

Na tangu siku hiyo, watu wa Mwangeni hushona kili zao kuwa mkeka, na watoto wao hufundishwa kuunganisha maneno wakiwa wameketi juu yake. Mtoto akimwambia mwenzake "Umenikosea," yeyote aliye mkekani haruhusiwi kuinuka. Wenzake humuuliza, "Lakini?" kisha wote hungoja. Wako wanaojibu upesi, na wako wanaokaa mpaka jua linatua, wamevimba mashavu. Hakuna anayewaharakisha, na hakuna anayewaacha peke yao.