Supu Iliyopanda Mlima

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakahama bila kuaga. Ilibaki chemchemi moja tu, juu kabisa ya Mlima Kipara, na Mfalme Simba akatangaza mashindano ya magari: atakayefika wa kwanza ndiye mwenye chemchemi, agawe maji apendavyo.

Sungura alijiandikisha kwa ajili ya watoto wake, ambao makoo yalikuwa yamekauka hata kulia hawawezi. Wa pili alikuwa Fisi, naye hakuficha nia yake. "Nikishinda nitaoga humo peke yangu," alisema. "Nyinyi mtakuja kunusa." Wengine magari yao yalikuwa yamekufa zamani.

Asubuhi ya mashindano Simba alihutubia. Simba akihutubia, nawaambieni, hata mchwa husinzia. Alianza na babu yake, akaja kwa baba yake, akafika kwenye manyoya yake mwenyewe, na hapo akapiga kambi. Wote walifumba macho isipokuwa Fisi. Alinyata hadi kwenye kigari cha Sungura, akafungua rejeta, akafyonza maji yote na kifuniko akakilamba.

Sungura alipokagua gari lake, moyo ulimlipuka. Rejeta kavu, na injini ingeungua kabla ya kona ya pili. Akamwona Fisi anajifuta midevu, akaelewa. Maji hayakuwapo popote. Kilichokuwapo ni chungu cha supu ya mifupa, ambayo Mama Nguchiro alimpikia Simba.

"Usiiguse," Mama Nguchiro akanong'ona. "Ya mfalme hiyo. Atatutafuna sote."

Sungura akamwendea Simba, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi. "Mfalme, wenye nguvu nimewaona wengi. Mwenye supu ya kuendesha gari bado sijamwona."

Simba akatafakari. "Yangu inaweza," akasema. "Mmiminieni."

Kibendera kikashuka. Fisi akatangulia huku anacheka peke yake. Kigari cha Sungura kikafuata kwa gia ya kwanza, kinakohoa, kinatetemeka mpaka milango inapiga makofi. Kadiri kilivyopanda injini ilipata moto, supu ikachemka, na harufu ya mifupa ikafuka kwenye boneti ikatangulia mlimani.

Kule mbele, pua ya Fisi ikasimama. Mguu wake ukaacha mafuta bila kuombwa, na gari likakaa pembeni. "Pita, mpwa wangu," akasema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. "Pita tu, mimi nakusindikiza."

Sungura akapita, na Fisi akamfuata, kichwa nje ya dirisha, udenda unapeperuka. Karibu na kilele, penye mwinuko mkali kuliko yote, kigari kilienda polepole mno na Fisi akashindwa kuvumilia. Akasimamisha gari, akaruka chini, akakimbilia harufu kwa miguu. Mlimani kule hata kitoto kinajua: ukisimama, jiwe kwanza nyuma ya gurudumu, ndipo mengine. Fisi hakukumbuka jiwe wala breki ya mkono.

Gari likaanza kurudi nyuma. Fisi akaligeukia, akalikimbilia, akalipita, akalitegea makalio ili alizuie. Lahaula, likamsukuma hivyohivyo ameketi, kona kwa kona mpaka chini, ambako Mfalme Simba alirukia kichuguu pamoja na heshima yake yote. Makalio ya Fisi yalilika njiani, na mpaka leo mgongo wake umeshuka kwa nyuma.

Sungura alifika kileleni akinukia supu. Wanyama wakapanda wote, watoto wakanywa kwanza, wakacheka, wakarushiana maji. Mwisho wa foleni akatokea Fisi, anachechemea, macho chini. Hakuna aliyedhani atapewa.

"Mjomba, maji yapo, na wewe utakunywa," Sungura akasema, akamkabidhi ndoo. "Ila kwanza nijazie rejeta yangu."

Fisi akateka. Akaibeba ndoo imejaa hadi ukingoni, ulimi nje, wanyama wote wanalitazama koo lake. Akaimimina yote, tone kwa tone, na kifuniko akakifunga bila kukilamba.