Nyati na Papai Bivu

Hapo zamani za kale, kabla hata jino langu la kwanza halijaota, Nyati aliingia kwenye bwawa la kijiji akalala humo kama kitandani kwake. Mwingine hakuna kunywa! Na wewe huko nyuma, acha kujikuna, sikiliza.

Bi Nguchiro, mnyama mfupi kuliko gongo langu, watoto wake walikuwa wanalia kiu. Akaenda ukingoni na kibuyu.

"Hodi, Bwana Nyati! Naomba maji ya watoto."

"Toka! Nikikukanyaga, hata mkia hautaokotwa."

"Mh! Na nguvu zote hizo, papai utaweza kulidaka?"

Nyati akacheka mpaka bwawa likatikisika. "Papai?"

"Bivu. Nyani arushe, sisi tudake. Lako likipasuka na langu likibaki zima, unatupisha tunywe sote. Langu likipasuka, nahama na wanangu."

"Naapa kwa pembe zangu! Kafunge mizigo."

Sasa, kwa akina Nyati, dume likirudi nyuma mbele ya watu halipati mke. Bi Nguchiro alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliita kijiji kizima kije kutazama.

Nyani akarusha. Vuuu! Nyati akasimama humo bwawani, akakaza shingo, akatunisha kifua, akakita kwato topeni.

Pwaa! Mbegu puani, mbegu machoni.

"Lilikuwa bovu hilo! Leta lingine!"

Vuuu! Akajikaza zaidi. Pwaaa! Safari hii mpaka masikioni.

"Zamu yangu," akasema Bi Nguchiro. "Nyani, nguvu zilezile. Usinionee huruma!"

Vuuu! Papai lilipogusa mikono yake, hakulizuia. Akaenda nalo, akirudi kinyumenyume, tu-tu-tu-tu, mwendo ukipungua kidogo kidogo, mpaka likatulia kifuani kama mtoto aliyeshiba. Zima!

"Amerudi nyuma!" Nyati akafoka. "Mwoga huyo!"

"Nimerudi, ndiyo. Nani alikataza? Wewe umelisimamisha ghafla, kishindo chote kikaja mara moja. Mimi nimekimaliza njiani, polepole."

"Lakini..."

"Lakini nini, bwana? Umeapa, watu wamesikia. Toka majini, watoto wana kiu."

Nyati akatoka, maji yakimchuruzika, asimtazame mtu. Watoto wa Bi Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Basi mkome kujitia ugumu: kinachokuja kwa kasi, nenda nacho kwanza, ndipo ukisimamishe.