Kadi ya Shaweji

Hapo zamani, na msiende mbali, ni zamani hii ya juzi ya mageti yanayofunguliwa kwa kidole, palikuwa na bandari kavu mjini Ngerani. Mabehewa yaliingia na mahindi, malori yakatoka na mahindi. Hakupita mtu bila kadi. Unaweka kadi yenye sura yako, unabonyeza kidole, geti linafunguka, na ubao wa taa unaandika jina lako na kuongeza mtu mmoja ndani. Ukitoka, ubao unampunguza.

Pale Ngerani palikuwa na desturi. Mfanyakazi akifa, matanga yakisha kuanuliwa, jamaa zake huileta kadi, mlinzi huikata kwa mkasi mbele ya wenzake, na karani hulifuta jina. Kadi haifi mpaka ikatwe. Ndivyo walivyosema, na walisema kwa sauti ya chini.

Sasa, Shaweji mfunga mabehewa alibanwa na behewa akafa. Matanga yakaanuliwa, kadi haikuja. Mlinzi Ndimbo, aliyekuwa swahibu wa marehemu, akaifuata nyumbani kwa mjane, Bi Tunu. Lakini Shaweji alikuwa mtu wa kukimbia picha. Dunia nzima sura yake ilibaki pale tu, kwenye kadi.

"Maiti mmezika, shemeji," Bi Tunu akamwambia. "Sura niachieni."

Ndimbo akarudi na mkasi wake mfukoni. Alipaswa kusema ofisini. Hakusema. Kadi ikalala kashani katikati ya kanga, na kila Ijumaa Bi Tunu aliitoa, akaipangusa, akaizungumzisha kidogo, akairudisha.

Njooni kwa Chiku. Chiku alikuwa mshona magunia, tena mjamzito, mume hayupo. Alikwenda kuomba kadi, lakini vidole vyake vilikuwa vimelika kwa kamba za katani mpaka vikawa laini, na mashine ikamkataa. Akaambiwa apake mafuta, arudi. Akapaka, akarudi, ikamkataa. Basi tumbo halisubiri mashine. Chiku akawa anajilaza chini ya turubai la lori, anaingia, anashona magunia ya watu, anatoka vilevile. Ubao haukumhesabu hata siku moja.

Na karani wa kadi aliitwa Lukindo. Huyu hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Kadi ikikaribia kuisha muda, mwenyewe huja kuihuisha kwa kidole chake, na Lukindo huinamia kioo tu. Mashine ikikubali, anabonyeza, anaita, "Mwingine!"

Asubuhi moja mtu akakohoa mbele yake, kikohozi kikavu. Kidole chenye grisi kikagusa kioo. Mashine ikasema ndiye. Lukindo akabonyeza, kadi ikapata muda mpya, na ndipo akalisoma jina. Shaweji. Akainua kichwa. Kiti kilikuwa kitupu, na watu wa foleni wakamuuliza mbona leo haiti mtu.

Lukindo alikuwa amelibeba jeneza la Shaweji kwa bega lake mwenyewe. Alipaswa kulifuta jina lile papo hapo. Hakulifuta. Aliogopa, jamani, na mimi ningeogopa. Na siku ile Bi Tunu alipofungua kasha, aliikuta kadi ina grisi, ile ya mabehewa, bado mbichi.

Haukupita muda, ikafika siku ya kufukiza ghala la mahindi. Fukusi walikuwa wamezidi, na dawa ile haibakizi kiumbe. Sheria ilikuwa moja: milango haifungwi mpaka ubao uonyeshe ndani hamna mtu. Alasiri wafanyakazi wakatoka mmoja mmoja, ubao ukapunguza, ukapunguza, ukafika patupu. Upande wa nyuma watu wa dawa wakaanza kufungua makopo.

Hapo geti likafunguka. Hakuwapo aliyelifungua. Likakaa wazi kiasi cha mtu kupita, likajifunga. Ubao ukaandika: Shaweji, ndani, mtu mmoja.

Mkuu wa kituo akasema mashine imeharibika, milango ifungwe. Ndimbo alikuwa ameshika kufuli.

"Huyo tulimzika," mkuu akamwambia.

"Nilimzika mimi, mzee," Ndimbo akasema. "Lakini ubao unasema ndani mna mtu. Sifungi."

Akailowesha kofia yake, akaziba pua, akaingia. Kule nyuma ya magunia alimkuta Chiku amelala usingizi wa uchovu, tumbo juu. Begani mwake, juu ya kanga, palikuwa na alama ya mkono, vidole vyote vitano, ya grisi. Ndimbo akamtoa amembeba. Chiku akasema kuna baba alikuwa akimkoholea sikioni na kumtikisa, naye akadhani ni msimamizi, akajifunika uso.

Ubao ukaandika: Shaweji, nje. Hamna mtu.

Na nyumbani Bi Tunu akafungua kasha. Kadi ilikuwapo. Jina lilikuwapo. Sura haikuwapo, pamebaki peupe. Alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Chiku akajifungua salama. Na kwao aliyekuokoa ndiye humpa mwanao jina, mmoja tu, na jina hutajwa siku ya arubaini. Siku ikafika. Wakaketi mkekani, Chiku na mtoto katikati, na Ndimbo, Lukindo na Bi Tunu kila mmoja upande wake.

Ndimbo akasema, "Mkuu alisema funga. Niliyeingia kwenye dawa ni mimi."

Lukindo akasema, "Ungeingia kwa ubao gani? Kadi ingekuwa imeisha muda. Niliyeihuisha ni mimi, na nikaliacha jina."

"Uliliacha kwa woga," Ndimbo akamjibu, "na vidole vya Chiku uliviona, ukamrudisha."

Bi Tunu akaitoa ile kadi nyeupe, akaiweka mkekani. "Mimi ndiye niliyezuia isikatwe. Na ninyi mngali na vyenu vyote. Mimi sina tena pa kumtazama mume wangu."

Ndimbo akainamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Shemeji, kama ungenipa siku ile, Shaweji angepumzika. Ulimrudisha kazini."

Bi Tunu akaipangusa ile kadi kwa ncha ya kanga. Mtoto akageuza shingo, akatazama upande wa nne wa mkeka, ambao haukuwa na mtu, akatabasamu. Na upande ule kikasikika kikohozi kikavu.

Chiku amempakata mwanawe, jua linazama, na jina halijatajwa. Haya, ninyi mlionisikiliza, yeye hawezi kungoja zaidi: amgeukie nani?