Jogoo wa Mizunguko Mia Mbili

Hapo zamani, zamani ya mimi kuwa na meno yangu yote, palikuwa na shule moja kule Rungwe. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye kahawa, kunywa kimya kimya, maana mwisho nitakuuliza swali na sitaki useme hukusikia.

Shule ile ilikuwa na mpishi, Bibi Atuganile. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwapikia watoto uji. Mwaka ule mvua ikaiangusha nyumba yake. Ulianza ukuta wa nyuma, ukafuata wa mbele, paa likakaa chini. Bibi akatoka na kitu kimoja tu mkononi: jogoo wake mwekundu. Akahamia stoo ya shule, akawa analala katikati ya magunia ya mahindi, na jogoo juu ya gunia la maharage. Watoto walicheka mwanzoni. Kisha wakaanza kumsikia anakohoa huku anakoroga uji, wakaacha kucheka. Masika ya pili yangemkuta stoo, na stoo ile ilikuwa inavuja.

Palikuwa pia na Mzee Mwakalobo, mchoma matofali, mtu mwenye mkono wa birika kweli kweli. Tanuri lake lilikuwa limejaa. Mwalimu Ambilikile akaenda kumwomba matofali ya nyumba ya Bibi mbele ya mkutano wa wazazi, ili aone haya kukataa. Mzee akawatazama watoto, miguu myembamba, akatabasamu.

"Nitatoa," akasema. "Watoto wakimbie kuzunguka uwanja, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Wapokezane wapendavyo. Kila mzunguko, matofali kumi. Lakini muda wote awepo uwanjani mwanafunzi anayekimbia. Uwanja ukibaki mtupu, mchezo umekwisha, na mimi nakwenda zangu nyumbani."

Watu wakampigia makofi. Fundi akapiga hesabu: vyumba viwili, matofali elfu mbili. Yaani mizunguko mia mbili. Mzee akacheka moyoni. Alijua kufika saa nne watoto watakuwa wamelala kwenye nyasi, na matofali yake yangekwenda kujenga zizi la ng'ombe kama alivyopanga.

Siku ikafika, wazazi wakaja kutazama, watoto wakajipanga. Wakakimbia. Darasa la tatu likakimbia, likachoka, likatoka. Darasa la nne likakimbia, likachoka, likatoka. Mzee alikaa kwenye kigoda, mfukoni ana maharage. Kila mzunguko anahamisha punje moja kwenda mfuko wa pili, na kila punje anaihamisha kama anang'olewa jino. Mwanafunzi aliyekimbia kuliko wote alikuwa Asajile wa darasa la saba. Huyo alikuwa na mbio, na alikuwa na maringo. Kila akipita mbele ya wasichana anaongeza mwendo.

Mizunguko arobaini na minne ikapita. Ikafika saa nne.

Sasa sikilizeni balaa. Pale shuleni kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na saa nne ilikuwa saa ya uji. Mwalimu Ambilikile alikuwa wa zamu. Akatazama saa yake, mkono ukaenda wenyewe, akagonga: nga! nga! nga!

Jamani! Miaka yote watoto wale wakisikia kengele ya saa nne, miguu inageuka jikoni. Hakuna aliyefikiri. Waliokuwa wamekaa wakaenda, waliokuwa wakikimbia wakaenda, Asajile akawa wa kwanza kwenye mstari, kikombe mkononi.

Mzee Mwakalobo akaruka kutoka kwenye kigoda. "Uwanja mtupu! Mchezo umekwisha! Matofali mia nne na arobaini, choo hicho, jengeni choo!"

Bibi Atuganile akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akautazama uwanja.

Wakati huo huo, kwenye tundu la uzio, kikatokeza kichwa. Kilikuwa cha Sekela wa darasa la tano. Sekela huyo hajawahi kuwahi shule tangu aandikishwe. Juzi alichelewa kwa sababu daraja lilikuwa na utelezi. Jana alichelewa kwa sababu ndama alitafuna soksi yake. Siku ile hakujua lolote la mashindano, maana yalitangazwa asubuhi mstarini, na mstarini yeye hakuwahi kufika.

Mwalimu Ambilikile akamwona. Akasahau Bibi, akasahau matofali, akasahau kila kitu. "Sekela! Saa nne, Sekela!" Akamfuata na rula ya ubaoni.

Sekela akakimbia. Akakimbilia wapi? Uwanjani! Akazunguka, mwalimu nyuma. Akazunguka tena, mwalimu nyuma, tai imemrukia begani. Bibi akaelewa kabla ya wote. "Kimbia, Sekela! Usisimame, mwanangu! Mwalimu, usimkamate, lakini usimwache!"

Mzee akapiga kelele: "Huyo hakimbilii hisani! Anakimbia rula!"

"Ulisema mwanafunzi anayekimbia," Bibi akamjibu. "Hukusema anakimbia nini. Na ulisema uwanja ukibaki mtupu; haukubaki, maana kichwa kilipotokea wewe ulikuwa bado unapiga kelele. Hamisha maharage yako."

Mkutano mzima ukasema Bibi kashinda. Sekela akazunguka mara tano, mpaka wenzake wakamaliza uji wakarudi uwanjani, midomo myeupe.

Wakakimbia, wakakimbia. Saa kumi mvua ikanyesha. Mtoto mmoja akateleza akatoka, wa pili akateleza akatoka. Uwanja ukawa tope tupu, akabaki Asajile peke yake. Maringo yalimwisha, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, wasichana wote wamekimbilia darasani. Mizunguko kumi na minane ya mwisho aliikimbia mwenyewe, analia waziwazi, na saa kumi na moja Mzee akahamisha punje ya mia mbili.

Na Mzee alitoa. Nimemsema vibaya, lakini hilo nalisema: alitoa elfu mbili, akaongeza hamsini kwa ajili ya yatakayovunjika, na yale hamsini hakuna aliyemwomba.

Nyumba ikasimama kabla ya masika. Bibi akasimama mlangoni, jogoo kwapani, machozi yanamtoka. "Ndaga fijo," akasema, asante sana. "Sina kingine. Jogoo huyu ni wa yule aliyenijengea nyumba hii."

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Asajile akasema: "Ni wangu. Nimekimbia kuliko wote, na nimemaliza wakati wote wamekimbia mvua. Kiatu changu kiko uwanjani mpaka leo."

Sekela akasema: "Ni wangu. Wewe ulikuwa unapanga mstari wa uji. Bila mimi ungekimbia mvuani kwa ajili ya choo."

Mwalimu Ambilikile akasema: "Ni wangu. Sekela nimfahamuye mimi, bila rula angekimbia? Angekaa chini ajieleze!"

"Na kengele aligonga nani?" Sekela akamuuliza. Mwalimu akajikuta anarekebisha tai.

Mzee Mwakalobo akasema: "Ni wangu. Ninyi mmetoa jasho, na jasho mlilirudisha kwa uji. Gusa ukuta huo. Unagusa jasho au tofali? Ng'ombe wangu wamelala mvuani."

Bibi akawasikiliza wote. "Kesi ngumu," akasema. "Mkishakubaliana, mje mmchukue. Kwa sasa akae kwangu."

Jumamosi wakaja kubishana. Asajile alikuja na mzigo wa kuni, ili apendelewe. Sekela alikuja na ndizi, amechelewa. Mwalimu alikuja na sukari, na hoja zake kaziandika daftarini. Mzee alidai amekuja kuangalia kama matofali yake yana ufa. Akakaa mpaka jioni, akacheka mara mbili, watu wakamhesabia. Bibi akawakorogea uji, akawasikiliza, akasema: "Kesi ngumu. Njooni Jumamosi."

Wakaja Jumamosi ile, na iliyofuata, na mwaka ukaisha, na jogoo akazeeka pale pale kwa Bibi, na yule bibi aliyekuwa akikohoa peke yake stoo hakuwahi tena kukosa wageni.

Haya, wewe wa kahawa, weka kikombe chini. Aliyekimbia, aliyekimbizwa, aliyekimbiza, na aliyetoa matofali: je, nani alistahili jogoo? Na kama jibu unalo, ungethubutu kwenda kulisema mbele ya Bibi Jumamosi?